Mito ya Thika na Ruiru ilivyoinywesha Nairobi

Nairobi haikuzaliwa penye maji mengi. Mwaka 1899 reli ilipofika pale, kilichotafutwa ni uwanja tambarare wa kuweka karakana. Mji ulipoanza kutanuka, chemchemi za Kikuyu zikalemewa, na macho ya watawala yakageukia mito inayoshuka kutoka Nyandarua.

Mto Ruiru ndio uliotangulia, na ulianza kwa kutoa umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulizungusha mitambo iliyowasha taa za Nairobi. Mradi wa maji ukafuata mwishoni mwa miaka ya 1930. Bwawa lenyewe liko juu kabisa, Githunguri, na maji yake husafishwa Kabete. Mwaka 1956 bwawa la Sasumua likaongezwa. Zamu ya Chania, mto unaoporomoka kando ya hoteli ya Blue Posts pale Thika, ilikuja miaka ya 1970, kiwanda cha kusafisha maji cha Ngethu huko Gatundu kilipoanza kazi. Bwawa kubwa kuliko yote, Ndakaini, lilikamilika 1994 kwenye mto Thika, Gatanga, likiwa na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70.

Safari ya maji ya Ndakaini inastahili kusimuliwa polepole. Hupita ndani ya mahandaki yaliyotobolewa chini ya vilima, kutoka bonde moja hadi jingine, mpaka yakaingia Chania. Huchotwa tena Mwagu, yakasafishwa Ngethu, kisha yakashuka kwa mabomba hadi matangi ya Gigiri. Sehemu kubwa ya njia hiyo nguvu inayotumika ni mteremko tu. Warumi walifanya hivyo hivyo: mfereji wao wa Marcia, uliojengwa mwaka 144 kabla ya Kristo, ulikuwa na urefu wa kilomita 91 hivi, na sehemu kubwa yake ilifukiwa ardhini. Matao marefu tunayoyaona pichani yalikuwa sehemu ndogo ya kazi.

Mwaka 97 baada ya Kristo, Frontinus alikabidhiwa usimamizi wa maji ya Roma. Aliandika kwamba wenye mashamba kando ya njia waliitoboa mifereji ili kunywesha bustani zao, na mafundi mjini wakaunganisha mabomba ya siri. Meneja yeyote wa kampuni ya maji Kiambu angeisoma ripoti hiyo bila kuhitaji maelezo.

Tofauti ni kwamba huku wanaoishi kwenye njia ya maji wamegeuka mji. Sensa ya 2019 iliupa mji wa Ruiru karibu watu nusu milioni. Mashamba ya kahawa yamekatwa vipande, ghorofa zimepanda, na wapangaji wengi wanategemea visima vya kuchimbwa, maboza na mkokoteni wenye mitungi ya lita 20. Mipango ya wakoloni haikuwahesabu, na serikali baada ya uhuru iliendelea kwa ramani ile ile: maji yashuke, mji mkuu unywe.

Bwawa la Karimenu II, Gatundu Kaskazini, lililozinduliwa 2022, lilipangwa kwa hesabu nyingine. Kati ya mita za ujazo 70,000 zinazotarajiwa kila siku, 23,000 ziliwekewa Ruiru na Juja. Nairobi ilitengewa 47,000.