Vilainishi Vikavu: Kutoka Kinywe cha Borrowdale hadi Chembe za Nano

Kilainishi kikavu ni unga au utando unaotenganisha vyuma viwili vinavyosuguana, hasa pale ambapo oili itaungua, itaganda au itanasa vumbi. Kinachojulikana zaidi ni kinywe. Anayekwangua ncha ya penseli na kupuliza unga wake kwenye tundu la kufuli linalokwama anakitumia, hata kama hajui jina lake.

Kinywe safi kilichimbwa Seathwaite, katika bonde la Borrowdale kaskazini magharibi mwa Uingereza, tangu karne ya 16. Wachungaji walikitumia kuwatia kondoo alama. Baadaye kilipakwa ndani ya kalibu za kumiminia makombora ya mizinga, na thamani yake ikapanda hata bunge likatunga sheria ya kuwaadhibu wezi wake mwaka 1752. Muda wote huo kilidhaniwa kuwa aina ya risasi. Mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, ndiye aliyefumbua fumbo: mwaka 1778 alionyesha kwamba molibdenaiti, madini mengine meusi yenye utelezi, si kinywe, na mwaka uliofuata akaonyesha kwamba kinywe ni kaboni. Lugha hazikumsikiliza. Jina la molibdeni limetokana na neno la Kigiriki la risasi, na Waswahili hadi leo huandika kwa kalamu ya risasi isiyo na risasi hata chembe.

Mwaka 1923 Roscoe Dickinson na Linus Pauling walitumia eksirei kupima mpangilio wa atomu katika molibdenaiti, yaani salfaidi ya molibdeni. Kila tabaka la molibdeni limebanwa kati ya matabaka mawili ya salfa, na mafungu hayo yamelaliana kama majamvi yaliyorundikwa, yakishikana kwa nguvu ndogo sana. Kinywe nacho kina matabaka. Ilionekana basi kwamba siri ya utelezi imepatikana: jamvi huteleza juu ya jamvi.

Maelezo hayo yalikuwa nusu tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, brashi za kaboni kwenye jenereta za ndege zilizoruka juu sana zililika haraka na kuwa vumbi. Mwaka 1948 Robert Savage alionyesha sababu: kinywe huteleza vizuri kikipata mvuke wa maji, na hewa ya juu ni kavu mno. Salfaidi ya molibdeni ni kinyume chake. Huteleza vizuri zaidi penye ombwe. Ndiyo maana ilichaguliwa kwa vyombo vya anga, ingawa nayo ina mipaka. Antena kuu ya chombo cha Galileo, iliyokunjwa mfano wa mwavuli, ilikataa kufunguka kikamilifu Aprili 1991. Wachunguzi waliona chanzo chake katika safari za lori kati ya California na Florida: mtikisiko wa barabarani ulikuwa umekwangua utando wa kilainishi kwenye baadhi ya pini.

Udhaifu mwingine uko kwenye kingo za matabaka, ambako atomu zisizokamilisha vifungo hudakwa na oksijeni. Mwaka 1992 kundi la Reshef Tenne, katika Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, liliripoti kwamba salfaidi ya tangsteni, yenye matabaka kama ya molibdeni, inaweza kujikunja yenyewe na kufunga kingo zake. Zilipatikana chembe zenye uwazi ndani, maganda juu ya maganda kama kitunguu. Mwaka 1997 watafiti hao walionyesha kwamba chembe hizo, zenye kipenyo cha karibu nanomita 100, zilipunguza msuguano na ulikaji kuliko unga wa kawaida wa madini hayohayo.

Mwanzoni zilifikiriwa kubiringika kama gololi za beringi. Uchunguzi wa baadaye kwa hadubini za elektroni ulionyesha jambo jingine pia: zikibanwa sana, chembe hubambuka ganda moja moja, na maganda hayo hunata juu ya chuma na kuwa utando mpya. Leo huchanganywa katika oili na grisi, na kazi ngumu ni kuzizuia zisigandamane na kutuama chini ya kopo.