Utabiri wa jalidi ya mapema mabondeni

Utabiri huu ni kazi ya kukadiria usiku ambao halijoto itashuka hadi 0°C au chini yake kabla ya mavuno, hasa Septemba, majira ya kupukutika majani yanapoanza kaskazini mwa dunia. Katika milima ya Rocky, Marekani, hatari huzidi baada ya wimbi la hewa baridi kupita: mbingu haina mawingu, upepo umetulia, hewa kavu. Ardhi hupoteza joto. Hewa iliyoigusa hupoa, ikawa nzito, ikateremka na kutuama bondeni. Ndiyo maana shamba la mteremkoni husalimika huku la chini likichomwa na baridi.

Mtabiri hutazama kwanza unyevu. Umande unapotunga hutoa joto na kupunguza kasi ya kupoa. Hewa ikiwa kavu mno, breki hiyo haipo. Hata hivyo, kijiupepo cha saa 10 alfajiri chatosha kuvuruga hesabu nzuri. Programu za kompyuta za utabiri, zinazogawa ardhi katika miraba ya kilomita kadhaa, hazilioni bonde jembamba, hivyo kumbukumbu za kituo cha jirani huwa na thamani kubwa. Kipimajoto nacho huwekwa karibu mita 2 juu ya ardhi: kikisoma 2°C, huenda majani ya chini yameshaganda.

Mfano uliokithiri ni Peter Sinks, Utah, shimo la asili lisilo na njia ya kutolea hewa baridi. Huko jalidi huweza kuanguka hata katikati ya kiangazi, na tarehe 1 Februari 1985 ilipimwa −56.3°C.