Gawio la hisa: ulitumie au ulirudishe kwenye hisa?

Kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) ikipata faida, inaweza kuwagawia wanahisa wake sehemu ya faida hiyo. Fedha hizo huitwa gawio. Swali ambalo wenye hisa chache, tuseme za CRDB au NMB, hujiuliza ni hili: je, gawio linaweza kununua hisa nyingine lenyewe?

Linajinunulia hisa?

Madalali wengi wa mtandaoni nchini Marekani huweka kwenye akaunti sehemu ya kuchagua: gawio liingie kama fedha, au linunue hisa zaidi za kampuni ileile bila mteja kufanya lolote. Kwa DSE, utaratibu wa kawaida ni kulipwa fedha. Ukitaka ziwe hisa, unaagiza mwenyewe kupitia dalali wako au programu ya simu ya Hisa Kiganjani.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ina utaratibu wake. Mfuko wa Jikimu wa UTT AMIS, kwa mfano, una mpango wa kupokea gawio na mpango wa kulirudisha likuze mtaji. Chaguo hufanywa kwenye fomu ya kujiunga, hivyo soma vizuri kabla ya kusaini.

Hesabu yake

Chukua mfano. Una hisa 500, na gawio ni shilingi 60 kwa kila hisa. Jumla ni shilingi 30,000. Kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE, kodi ya zuio ni asilimia 5, yaani shilingi 1,500. Unabaki na shilingi 28,500. Kodi hiyo hukatwa hata kama unataka kununulia hisa fedha yote.

Kama hisa moja inauzwa shilingi 1,500, fedha hiyo ingetosha hisa 19 kamili. Lakini kuna ada ya dalali na soko, kwa hiyo utapata pungufu ya hapo. Gawio likiwa dogo sana, ni afadhali kusubiri la mwaka unaofuata uyaunganishe, au uongezee akiba yako.

Kagua haya mapema

Gawio hulipwa kwa wale waliomo kwenye daftari la wanahisa siku linapofungwa. Ukinunua hisa baada ya hapo, gawio la safari hiyo si lako.

Hakikisha akaunti ya benki au namba ya simu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu zako bado inatumika. Wapo waliobadilisha laini na gawio lao likabaki bila kulipwa miaka kadhaa. Dalali wako atakusaidia kurekebisha. Mweleze pia mtu wa familia unayemwamini kwamba una hisa, ili siku ukiondoka warithi wajue pa kuanzia. Ila namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni dalali.

Uamuzi ni wako

Kama ada ya shule au mbolea inasubiri, gawio lina kazi tayari. Kama halina haraka, kununua hisa zaidi huongeza gawio lijalo iwapo kampuni itaendelea kupata faida na kuigawa. Bei ya hisa nayo hushuka, kwa hiyo tusiweke mayai yote kwenye kampuni moja.