Kalenda ya Wazee: Vita, Volkano na Mpaka wa Shamba



Ukimuuliza mzee wa Masisi alizaliwa mwaka gani, mara nyingi hatakupa namba. Atakuambia alizaliwa wakati Wabelgiji walikuwa wanaleta watu kutoka Rwanda, ao alioa mbele ya vita ya Kanyarwanda. Wengine wanafikiri amesahau. Hapana. Hiyo ndiyo kalenda yake, na kwetu tunaorudi nyumbani inaweza kuokoa shamba.

Tuisome pamoja. Wabelgiji walileta familia za Rwanda kwa kazi za mashamba katika Masisi tangu 1937 mpaka 1955. Vita ya Kanyarwanda ilikuwa kisha uhuru, kati ya 1963 na 1965. Mwezi wa tatu 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi na Rutshuru. Watu wenye walikuwa wanaoana na kusaidiana kulima wakakimbiana. Mwezi wa saba 1994, kisha mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu karibu milioni moja waliingia Goma na pembeni yake kwa siku chache tu. Kolera ikaua makumi ya maelfu. Huku chini ni jiwe la volkano, jembe haliingii. Maiti zikalala kandokando ya barabara, na askari Wafaransa wakachimba makaburi kwa mashine. Mama mwenye alikuwa na mtoto mgongoni wakati wa kolera hahitaji cheti ili tujue huyo mtoto ana miaka ngapi. Kisha AFDL ikaingia Goma mwanzo wa mwezi wa 11, 1996, na tarehe 2 mwezi wa nane 1998 vita ya RCD ikaanza.

Shida ni kwamba "vita" ni nyingi, na "volkano" pia. Kwa hiyo tunauliza vingine. Moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kufika ziwani? Basi ni tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Ulisimama karibu na uwanja wa ndege? Ni mwezi wa tano 2021. Ulishuka mbio sana, ukakuta watu ndani ya vijiji, wakati wa Mobutu? Ni mwezi wa kwanza 1977. Na kama mtu alinunua shamba: alilipa kwa pesa gani? Zaire ilianza 1967, na faranga ya leo ikachukua nafasi yake 1998. Mzee akisema alilipa kwa zaire na mbuzi wawili, tayari tunajua aliuziwa kati ya hiyo miaka.

Juu ya nini hii yote? Mwanzo wa 2025, kisha M23 kuingia Goma, makambi kama Bulengo na Lushagala yalivunjwa, na familia nyingi zikarudi bila kupata wakati wa kujipanga. Wengi wakakuta mtu mwingine analima shamba lao. Sheria ya 1973 inasema udongo wote ni wa Leta. Juu ya mashamba ya vijiji, iliahidi amri ya Rais, yenye watu walingojea makumi ya miaka. Kwa hiyo wengi hawana karatasi. Wana mti wa mpaka, wana mto, na wana mzee mwenye aliona nani alipanda ule mti.

Lakini tusijidanganye. Mzee naye ana upande wake. Alikimbia na watu wake, akalia wafu wake, na wafu wa jirani hakuwaona. Ushuhuda wa mtu mmoja unaweza kuwasha moto upya. Kwa hiyo tunatafuta wazee wawili ao watatu, wa jamii tofauti, na tunawapeleka shambani mchana, mbele ya chefu wa kijiji na vijana wa pande zote. Mara nyingi wanabishana juu ya mwaka, lakini wakifika kwenye mti wa mpaka wanakubaliana. Na mwenye hataki kusimulia mauaji hatumlazimishi. Tunamuuliza walilima nini, soko lilikuwa siku gani, jirani wa juu alikuwa nani. Hayo maswali madogo ndiyo yanatoa mpaka.

Tunaomba kila kikundi kiandike majina ya wazee wake watatu wenye umri mkubwa kuliko wote, na lugha yenye wanapenda kusema. Marafiki wafadhili, kazi hii haiombi majengo. Inaomba kifaa cha kurekodi sauti, pesa ya pikipiki, na chakula cha siku ile kwa wazee na wasindikizaji wao.

Tufanye haraka. Mzee akizikwa, hakuna tribinali yenye itaweza kumuuliza.