Maji ya Masisi na Walikale katika picha za zamani

Maji yanayoshuka milima ya Masisi kuelekea magharibi yanaingia Mto Lowa, yanapita Walikale, kisha yanamwagikia Lualaba kabla ya Ubundu. Kutoka Ubundu yanaanguka mara saba mpaka Kisangani, kwa Wagenia. Huko pia wapiga picha wa zamani walisimamisha kamera zao.

Kazi haikuwa rahisi. Herbert Lang, aliyetumwa na makumbusho ya New York, alizunguka Kongo toka 1909 hadi 1915 akipiga picha kwenye vioo. Vioo vya wakati ule vilipokea mwanga polepole. Chini ya miti, mlango wa kamera ulibaki wazi sekunde nzima au zaidi, kamera ikiwa imefungwa juu ya miguu mitatu. Mti unasubiri, maji hayasubiri. Ndani ya sekunde hiyo kila tone lilichora mstari wake, na maporomoko yakatoka kama maziwa yanayomiminwa. Mtoto wa leo akiona picha za namna hiyo anafikiri mito ya babu zake ilikuwa mipole. Wapi! Mvuvi akitikisika kidogo tu, naye aligeuka ukungu.

Sinema ilileta dawa na shida mpya. Mwaka 1951 John Huston alifika Mto Ruiki, karibu na Ubundu (zamani Ponthierville), kutengeneza The African Queen. Sinema inapiga picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo maji yanabaki na nguvu zake. Lakini kamera ya rangi ya Jack Cardiff iligawa mwanga kwa filamu tatu kwa mara moja, nayo ilikuwa na njaa ya jua. Porini jua ni haba. Maporomoko yenyewe waliyafuata Murchison, Uganda, na hatari nyingine wakazitengenezea London, ndani ya tangi.

Mwaka 1956 Congopresse, shirika la habari la Wabelgiji, lilimwajiri Joseph Makula, Mkongomani. Ila negativu nyingi za shirika hilo ziko Tervuren, Ubelgiji, na zile za Lang ziko New York. Kwetu zilibaki zile za studio za mtaani, na vita vimewafanya wengi kukimbia bila kubeba hata bahasha moja ya picha.

Kwenye negativu, cheupe kinaonekana cheusi. Ukikuta nyumbani kwa wazee kipande cha filamu chenye mstari mweusi unaoshuka kati ya majani meupe, usikitupe. Kifute vumbi, kiweke pakavu, uulize ni mto gani.