Uchovu Usio Uvivu

Usimwite mtu mvivu kabla hujajua anachokula. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Bibi Lucy Wills, alifika Bombay, Bara Hindi, kuwachunguza wanawake wajawazito, miongoni mwao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliodhoofika kwa upungufu wa damu. Alipeleleza chakula chao, akaona ni haba. Akawapa rojo jeusi la hamira, kitu cha bei nafuu, nao wakapata nguvu. Akatangaza habari hiyo mwaka 1931. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani walitoa kiini chenyewe katika majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Si kila uchovu huponywa na vitamini. Lakini kila mchovu astahili kuchunguzwa kabla ya kulaumiwa.