Waliobaki Wodini: Historia ya Tiba Kasulu na Kibondo

Nyanda za juu za Kigoma zimepokea wageni wengi waliokuja kutibu. Walikuja wamisionari, wakaja madaktari wa serikali ya kikoloni, wakafuata madaktari na wauguzi wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani, na mwishowe mashirika ya wakimbizi. Wengi walifanya kazi njema, wakaandika barua na ripoti, muda wao ukaisha wakarudi kwao. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu tiba katika Buha, nchi ya Waha, imetoka kwenye kalamu zao. Waliobaki wodini, yaani wauguzi, matabibu, wahudumu na ndugu wa wagonjwa, hawakuwa na nafasi ya kuandika.

Habari yenyewe inaanzia kwa mbung'o. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mdudu huyo, uliisumbua sana Buha, na serikali ya Waingereza ikaamua kuwahamisha watu kutoka kwenye kaya zao zilizotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa, pori likafyekwa pande zote. Dkt. George Maclean, ofisa wa malale wa Tanganyika, alikuwa miongoni mwa waliousimamia mpango huo nchini. Watu waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao, na pori likarudi mahali palipokuwa pakilimwa. Hata leo upande wa mashariki wa Kibondo ni nyika, na humo limo Pori la Akiba la Moyowosi.

Malale haikuisha kwa kufyeka pori. Kuanzia 1949 palikuwa na melarsoprol, dawa yenye arseniki ndani yake, kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulikwisha kuwafika kwenye ubongo. Ilikuwa dawa ya kutisha. Ilichomwa polepole mshipani kwa bomba la kioo, kwa sababu plastiki ingeharibika, na tone likivuja nje ya mshipa nyama iliungua. Wapo wagonjwa waliouawa na dawa yenyewe. Mkono wa aliyeshika bomba ulipaswa kutulia, na kutulia huko kulitokana na mazoezi ya miaka.

Hospitali za misheni ndizo zilizoleta sura ya daktari mgeni anayekaa kijijini. Kabanga, nje kidogo ya mji wa Kasulu, ni ya Wakatoliki. Heri, upande wa Manyovu karibu na mpaka wa Burundi, ni ya Waadventista Wasabato. Zote mbili hazikuishia kwenye kutibu, bali zilifundisha uuguzi pia, na huenda hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote waliyoyafanya wageni huko. Daktari aliondoka, lakini aliyefundishwa alibaki.

Siku ya daktari wa kujitolea ilianza kwa ripoti ya zamu ya usiku, ikafuata raundi ya wodi, kisha wagonjwa wa nje au chumba cha upasuaji. Kwenye raundi mama mzee alieleza maumivu yake kwa Kiha, muuguzi akayapitisha kwa Kiswahili au Kiingereza, jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Muuguzi hakuwa mkalimani tu. Alijua mgonjwa ametoka kijiji gani, ametembea siku ngapi, na kama nyumbani kuna mtu wa kumpikia. Uani moshi wa kuni ulikuwa umeshapanda, kwa maana ndugu ndio waliopika ugali wa muhogo na maharage, waliofua shuka na kanga, na waliolala chini ya kitanda usiku kucha. Kabla ya gridi ya taifa kufika, taa ilitegemea jenereta ya dizeli, na ilipozimika upasuaji uliendelea kwa tochi au karabai.

Barabara nayo ilikuwa na sauti yake. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kutoka stesheni hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 200 za mwinuko, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mama aliyekwama katika uchungu alibebwa kwa machela ya miti na blanketi au kwenye baiskeli.

Baada ya uhuru, serikali ilitafuta jibu ambalo halikumngoja mgeni. Mwaka 1963 ilianza kuwafunza madaktari wasaidizi, ambao kila mtu hospitalini huwaita AMO, watu walioanza kama matabibu kisha wakajifunza hata upasuaji. Operesheni Kigoma ya 1972 iliwakusanya watu vijijini, na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ikawahimiza kuchimba vyoo na kulinda maji. Wilayani, mara nyingi AMO ndiye aliyeshika kisu usiku wa manane.

Ushahidi mzito wa kazi ya wenyeji ulitoka Kigoma mjini, kwenye hospitali ya mkoa ya Maweni, ambako wagonjwa wa Kasulu na Kibondo hupelekwa. Huko Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walikaa chini wakahesabu vifo vya akina mama, kisha wakaanza kurekebisha kimoja kimoja: vifaa vibovu vikatengenezwa, watumishi wakafundishwa kazini, damu ikatafutwa kwa msaada wa viongozi wa jamii, kila mtu akadaiwa wajibu wake. Kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Walitegemea zaidi rasilimali zilizokuwapo palepale.

Kisha wakaja wakimbizi. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na umati ukavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996, vita vilipozuka Kongo, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, na ile ya Mtendeli ikafuata Januari 2016. Msalaba Mwekundu wa Tanzania na Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha huduma kambini, na wageni wa kujitolea wakajaa Kibondo kuliko wakati wowote. Hapo Mha alikuwa na kitu ambacho hakuna shirika lingeweza kukileta kwa ndege: Kiha na Kirundi ni lugha za kusikilizana. Lakini mishahara ya mashirika katika miaka ya 1990 iliwavuta watumishi wa serikali, na zahanati za vijiji zikapungukiwa.

Wanawake wenyewe wamesema wanachokitaka. Mwaka 2007 mtafiti Margaret Kruk, Dkt. Mbaruku na wenzao waliwahoji wanawake 1,203 wilayani Kasulu kuhusu kituo ambacho wangechagua kujifungulia. Yaliyowagusa zaidi yalikuwa mtoa huduma mwenye heshima, na dawa na vifaa kuwapo. Mambo hayo mawili hayaletwi na mgeni anayekaa miezi sita tu. Yanamtegemea muuguzi anayekaa mwaka baada ya mwaka, na stoo isiyokauka.

Wauguzi na AMO wa miaka ile sasa ni wastaafu, na baadhi wameshatangulia mbele ya haki. Rejesta za zamani za wodi ya wazazi ziko hatarini kuliwa na mchwa. Halmashauri za Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko, pamoja na vyuo vya uuguzi vya Kabanga na Heri, zina uwezo wa kuziokoa rejesta hizo na kuwatuma wanafunzi kwa wastaafu wakiwa na daftari na kinasa sauti. Kazi hiyo ianze mwaka huu, maana wenye habari bado wapo na bado wanakumbuka.